Hai Santuri Nne, Marehemu Diski 19

Sandy Denny, yule Mwingereza mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, alikuwa na kasoro moja tu ya kibiashara: alikuwa hai. Wasomaji wa gazeti la muziki la Melody Maker walimchagua mwimbaji bora wa kike wa Uingereza mwaka 1970, wakarudia 1971. Mwaka huohuo bendi ya Led Zeppelin, watu wasio na desturi ya kumgawia mgeni kipaza sauti, walimwita aimbe nao. Sifa tele, mauzo, tuyaache.

Akatoa santuri nne za peke yake. Ya mwisho, Rendezvous, ilitoka 1977, na kampuni yake ya rekodi ikamwambia kwaheri ya kuonana. Mwaka uliofuata akafariki, ana miaka 31.

Hapo ndipo mahaba yalipopamba moto! Mwaka 2010 likaja sanduku la diski 19: nyimbo za majaribio, vipande vilivyowekwa kando, na masanduku yenyewe ni machache, wahini kabla hayajaisha. Mashabiki wakakunjua pochi, na sasa hujadiliana kwa uchungu jinsi ulimwengu ulivyomtupa. Wapo miongoni mwao waliokuwa watu wazima mwaka 1977, na mishahara wakipokea.