Meli Inaniuliza Mke Wangu Yuko Wapi

Kogo nyanya yangu, Baba, Mama, na wote mlioketi hapo jikoni,

Kijana anayewasomea barua hii kwenye simu asome polepole, na penye aibu yangu asiruke. Najua ataruka. Kogo, mfinye.

Nimepewa likizo ya siku kumi na moja. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya usiku, hapa kusini mwa Seattle, wenzangu wote wananiambia kwamba kuishi huku bila kufika Alaska ni kama kuwa mtu wa Sotik asiyeijua Kericho. Alaska ni kule juu, pwani ya kaskazini, kwa dubu na barafu. Baridi tupu. Najua mnacheka. Huko kwetu mtu akipata bonasi ya chai ya Oktoba ikamtosha huota Mombasa, akavue sweta walau mara moja maishani. Huku watu wanangoja joto lifike, halafu wanalipa pesa wakavae sweta kwingine.

Njia ni mbili, meli au gari. Nilianza na meli, zile zenye ghorofa kumi na ushei, ambamo watu wanakula tangu alfajiri hadi usiku wa manane kama harusi isiyokwisha. Nikapiga simu. Dada mwenye sauti ya asali akaniuliza tuko wangapi. Nikasema niko peke yangu. Akanyamaza kidogo, halafu akanieleza, kwa huruma kabisa, kwamba bei ya chumba hupangwa kwa watu wawili, hivyo anayesafiri peke yake hulipia vitanda viwili.

"Yaani nimlipie mtu ambaye hayupo?"

"Ndiyo."

"Huyo mtu atakula?"

"Hapana."

"Bakshishi je?" Maana huko bakshishi hukatwa kila siku kwa kila kichwa, iwe umehudumiwa au umelala tu. Akasema hapana, bakshishi ni ya abiria waliopo. Kwa hiyo asiyekuwepo ana kitanda, ila hana mdomo wala mfuko. Nilitamani kuuliza kama anaruhusiwa kukoroma.

Kogo, miaka sita umeniuliza mke yuko wapi, nami nimekukwepa kwa kukutumia hela ya sukari. Sasa kampuni ya meli inaniuliza swali lile lile, na hiyo haidanganyiki kwa sukari. Tena chumba nilichoweza kukimudu hakina dirisha. Unakwenda kutazama mito ya barafu, halafu unalala kwenye kitu kama stoo ya mbolea, wewe na mke asiyekuwepo.

Hapo hatujafika Kanada. Sikilizeni vizuri, maana hili nililisoma mara tatu. Meli inatoka Seattle, ambayo ni Marekani, inakwenda Alaska, ambayo pia ni Marekani, kisha inarudi Seattle. Lakini ni lazima njiani iguse Kanada. Nilidhani inafuata mafuta. La. Kuna sheria ya mwaka 1886, miaka kumi na saba kabla ya mche wa kwanza wa chai kupandwa Limuru, inayokataza meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani bila kupitia nchi nyingine. Na meli hizi kubwa, hata zile ambazo wenyewe wana ofisi Miami, zimeandikishwa Bahama, Panama na kwingineko. Sheria iliwekwa iwalinde wenye meli wa hapa. Meli kubwa za anasa zilizostahili kulindwa zimekwisha karibu zote, sheria bado iko langoni na rungu lake.

Basi jumba zima lenye watu elfu tatu linapinda hadi Victoria, linatia nanga saa chache, mara nyingi jioni, watu wanashuka kununua kofia, wanapanda, safari inaendelea. Ni kama matatu ya Sotik kwenda Litein kulazimishwa kwanza iguse Kisii, karani atie tiki kwenye daftari. Na msidhani ni mzaha. Mwaka 2021 Kanada ilipozifungia meli hizo bandari zake kwa ajili ya korona, ilibidi Bunge la Marekani liketi litunge sheria ya muda ili meli ziweze kwenda Alaska bila kugusa Kanada.

Nikageukia gari. Kutoka hapa hadi Anchorage ni kama kilomita 3,600. Baba, hiyo ni Sotik hadi Mombasa mara tano, na mara nne kati ya hizo hakuna mtu wa kukuuzia mahindi choma. Sehemu kubwa ya njia ni ile barabara inayoanzia Dawson Creek huko Kanada, ambayo jeshi la Marekani lilianza kuijenga Machi 1942, Wajapani wakiwa wamewatia hofu. Karibu theluthi moja ya wanajeshi wale walikuwa weusi, wengi wao watu wa kusini kwenye joto. Zaidi ya kilomita 2,200 za msitu na matope, na Novemba mwaka huohuo ikafunguliwa. Ile yetu ya kutoka lami hadi kituo cha kupimia majani iliahidiwa nikiwa nursery. Haifiki kilomita tatu.

Kuna kitabu kinaitwa The Milepost, kinachotolewa tangu 1949, kinachoeleza njia hiyo maili kwa maili: hapa petroli, hapa choo, hapa jihadhari na nyati. Nilikisoma usiku mmoja zamuni nikaifikiria Corolla yangu. Mnaijua kwa picha tu, na picha haina sauti. Gari likizima huko Kaplong, vijana wanaibuka hata usijue wametoka wapi, wanakusukuma, mnapatana mia mbili. Kule atakayeibuka ni dubu.

Hata hivyo nilijipiga kifua. Asubuhi nikimpa chai mzee mmoja ninayemhudumia, aliyevua samaki Alaska ujanani, nikamwambia nitaendesha mwenyewe hadi Juneau, makao makuu ya jimbo. Alicheka mpaka nikashika mpira wake wa oksijeni. Juneau haina barabara ya kuingilia! Mji mkuu wa jimbo, wenye gavana na bunge, hufikiwa kwa maji au kwa ndege tu. Barabara zao zinatoka mjini, zinafika mlimani, zinakoma. Marekani iliinunua Alaska yote kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, kama senti mbili kwa ekari, bila hata kikao cha bodi ya ardhi. Labda ndiyo sababu hawakupewa njia ya kupita.

Mzee akanionyesha picha za Ketchikan, mji wa kwanza ukiingia Alaska kwa bahari. Mvua huko inapita mita tatu kwa mwaka. Nikaitazama ile picha: mawingu yamekaa juu ya miti, mabati yanang'aa, mtu na mwavuli. Kwa kitambo sikusema kitu. Ilikuwa Sotik saa tisa alasiri, mvua inakuja kutoka upande wa Kericho, Mama anapiga kelele kwamba majani yafunikwe. Ilikosa tu chai. Mzee akauliza kama naumwa, nikasema ni usingizi wa zamu. Nimekuja upande wa pili wa dunia kujipanga foleni nilipie mvua.

Ndipo akanitajia njia ya tatu. Jimbo la Alaska lina feri zake, tangu 1963, na wanaziita barabara kuu ya bahari. Moja hutoka Bellingham, kaskazini mwa hapa, na kufika Ketchikan baada ya kama siku moja na nusu. Bendera yake ni ya Marekani, kwa hiyo haina deni la kusalimu Kanada. Gari hulipiwa kwa urefu wake, nami Corolla nitaiacha. Asiyetaka chumba hulala juu ya sitaha, kwenye viti chini ya taa za joto, au anapiga hema lake na kulibandika sakafuni kwa utepe mpana ili upepo usilichukue. Hema! Juu ya meli! Na mimi maji ninayoyaamini ni yale yaliyo sufuriani. Hata feri ya Likoni nilivuka nimefumba macho.

Nimekata tiketi ya mtu mmoja, kwa bei ya mtu mmoja. Nitabeba mursik yangu, maziwa ya mgando ya chupa ya plastiki, isiyo na kibuyu cha sotet wala mkaa wa mti wa senetwet, ambayo Kogo angeimwagia paka na paka angelalamika.

Tatizo ni hema. Nimelinunua jana, na dukani hakukuwa na dogo zaidi. Ni la watu wawili.

Kogo, yule mwalimu wa Kapkatet unayemtaja kila Krismasi, hebu muulize kama anaogopa maji. Muulize taratibu. Habari ya hema usimwambie kwanza.