Ngazi za Nini, na Barabara Ipo?

Laiti Frederick Law Olmsted angekuwa hai, ningempelekea jogoo. Huyu ndiye Mmarekani aliyeshiriki kubuni Central Park ya New York. Miaka ya 1870 mji wa Montreal, Kanada, ulimwita awatengenezee bustani juu ya mlima wao, Mont Royal, naye akachora barabara inayouzunguka mlima taratibu, mwinuko wake mpole hata farasi wa kukokota gari asitwete. Bustani ilifunguliwa 1876. Barabara ipo mpaka leo, pana, yenye vivuli, na inaitwa kwa jina lake.

Sasa mweleze hayo mpwa wangu.

"Mjomba, barabara ni ya kupoteza muda. Tupite ngazi, ndiyo njia ya mkato."

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Mont Royal una mita 233. Kwetu hizo ni mita za kwenda kwa jirani kuazima kiberiti. Lakini sisi watu wa milimani tunajua kuwa mlima hupandwa kwa kuzungushwa. Ndiyo maana barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ina kona zile zote. Olmsted alifikiri kama Msambaa. Aliyeweka ngazi alifikiri kama mtu anayedaiwa.

Na ngazi zenyewe haziishi! Ukidhani umefika, unakutana na kijinjia cha mawe na mizizi, kisha ngazi nyingine. Nikishika ukingo nipumue kidogo, vijana waliovaa kaptura wananipita wakikimbia, "Bonjour!", kabla sijapata pumzi ya kuitikia wako juu, na mara wanashuka, na mara wanapanda tena. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, wakimaanisha onyo. Hawa wamelifanya zoezi la asubuhi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba karne ya 19 palikuwa na reli ya kuvuta watu mpaka juu, ukikaa umekunja nne. Wakaiondoa! Wenye akili walikuwa wapi kitu kama hicho kikiondolewa?

Mimi ningebaki chini, kwenye mnara wa George-Étienne Cartier, ambako Jumapili za kiangazi watu hukusanyika kupiga ngoma. Ngoma! Mswahili umwondoe kwenye ngoma ukampandishe ngazi?

Tulifika juu, kwenye kibaraza cha kutazamia mji. Roho inataka kulalamika, lakini kusema kweli mandhari ni ya haki: maghorofa ya mji yako miguuni pako, na ng'ambo yake Mto Saint Lawrence. Kibaraza hicho kimepewa jina la Kondiaronk, chifu wa Wahuron aliyehangaikia amani kubwa ya 1701. Kazi ya kupatanisha watu naielewa. Mimi na mpwa wangu tulikuwa tunaihitaji wakati uleule.

Nikiwa bado nimejiegemeza ukutani, akapita mama mmoja mtu mzima, viatu vya kisigino, mkoba begani, hana hata tone la jasho. Nikamuuliza mpwa wangu yule amepandaje.

"Kwa basi, Mjomba. Namba 11. Linafika huku juu."

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Nauli ya kurudi alilipa yeye.