Shangazi Stuli Anajibu

Barua za wiki hii zimelowa machozi, isipokuwa moja iliyolowa vanishi. Nimezisoma zote nikiwa nimekaa karibu na stuli yangu ya mvule, ambayo haijawahi kuninyima usingizi kwa sababu sikuinunua kwa mtu anayenong'ona.

*Shangazi, shikamoo. Nilikwenda Unguja harusini, nikapita duka moja la vitu vya kale. Muuzaji akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba kimeza kile cha duara kilikuwa chumbani kwa Seyyid Barghash. Nikatoa laki sita. Mke wangu anasema meza imemeza ada ya mtoto. Nitajuaje kama ni ya kweli? Mimi, Mnyonge wa Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Siri ya mfalme imekaa miaka yote hiyo, ije ivujishwe kwa mtu aliyeshuka boti asubuhi?

Ipindue. Meza ya kale haisomwi usoni, usoni kila mtu hujipodoa. Iweke miguu juu, washa tochi ya simu, tazama skrubu. Kama zinafunguliwa kwa bisibisi ya nyota, pole. Barghash alifariki 1888, na skrubu za nyota Mmarekani Henry Phillips alizipatia hataza 1936. Lakini usikimbilie kulia. Huenda fundi wa juzi aliukaza tu mguu uliolegea. Tafuta matundu ya zamani pembeni, yale yaliyoingia weusi ndani. Yakiwepo, meza ilikuwa na maisha kabla ya hiyo nyota.

Halafu chukua futikamba. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, kwa urefu haisinyai kiasi cha kusema. Kwa hiyo uso wa duara uliotengenezwa kwa mbao halisi na kukaa miaka mia huwa umeanza kuwa yai. Pima kufuata nyuzi za mbao, kisha pima kuzikatiza. Ukipata tofauti ya milimita chache, shusha pumzi. Ukikuta ni duara sawasawa kama mfuniko wa sufuria, basi ama mbao ni changa ama ni plaiwudi iliyovalishwa kanzu.

Yale matundu ya bungua uliyoyasifia kwa mistari sita, ambayo nimeikata hapa, nayo yana maneno. Bungua hana rula: huingia, hupinda, hupotea njia. Chomeka pini. Ikizama wima mpaka kichwani, kila tundu, na matundu yote yana upana mmoja, aliyekula hapo ni drili. Na ukiona unga mweupe sakafuni chini ya miguu kila asubuhi, hongera: bungua ni wa kweli na bado yuko mezani. Isogeze mbali na kabati la mkeo kabla hajapata sababu ya pili.

La ada siliwezi.

*Shangazi, mama mkwe alitupatia stuli ya mninga aliyoachiwa na baba yake. Mume wangu kaiwekea kikombe cha chai ya moto, pamebaki duara jeupe. Mama anakuja Ijumaa! Fundi anataka elfu thelathini apige msasa na vanishi mpya. Mimi, Mke wa Mtu, Tanga.*

Mfungie fundi mlango, umpelekee chai nje. Ile rangi ya asali imeichukua mninga miaka na miaka kuivaa, na msasa utaivua kabla chai yake haijapoa.

Duara jeupe ni unyevu ulionaswa kwenye polishi, haujafika kwenye mbao. Paka mafuta ya mgando, yalale usiku kucha, asubuhi futa kwa kitambaa laini. Rudia kesho yake. Lingekuwa jeusi ningekuambia habari nyingine, maana hapo maji yameshazama.

Likigoma mpaka Alhamisi, tandika kitambaa cha kufuma. Ulidhani bibi zetu walivifuma vile kwa ajili ya maua? Chini ya kila kimoja kuna kikombe cha mtu. Ila ujue mama mkwe atakifunua. Na yeye anacho chake nyumbani.

*Shangazi, stuli yangu ya kale imezidi mkono wa kochi. Wageni wanachukua chai kama wanaonyoosha mkono darasani.*

Stuli inatakiwa ilingane na mkono wa kochi, au iwe chini kwa vidole viwili. Miguu usikate. Uza kochi.

*Shangazi, mama yangu alinipa cherehani yake ya miguu, Singer, aliyotusomeshea. Mume wangu kang'oa kichwa, kakiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kaweka kioo juu ya miguu na kuiita "meza ya kisasa yenye historia". Mama anakuja Pasaka. Mimi, Binti wa Fundi, Moshi.*

Na wewe ulikuwa wapi? Sokoni?

Miguu ile ya chuma ni mizuri, silikatai. Lakini kichwani ndiko kulikogongwa namba, na kwa namba ile ndipo hujulikana cherehani ilizaliwa mwaka gani. Mumeo kauza cheti cha kuzaliwa, kabaki na magoti.

Aende leo hii, kabla hakijapimwa kilo. Akikikuta akinunue kwa bei yoyote watakayomtajia, bila kupunguziwa, na akiweke kabatini, kikae karibu na miguu yake. Meza ibaki kama mmeizoea. Kisha alifungue lile kanyagio, maana najua kalifunga waya lisichezecheze. Mama atakaa, atapewa chai, ataanza habari za msiba wa jirani, na katikati ya maneno mguu wake utalitafuta wenyewe.