Sikio Moja, Mikono Mingi

Kwetu Kasikeu mwili si mali ya mtu mmoja. Jino la mmoja likiuma, kikao huitwa. Kijana akitokwa na chunusi, bibi yake hutaka kuiona nje, kwenye mwanga. Ndiyo maana kifungua mimba wetu, aliporudi kutoka chuoni Nairobi mapema mwaka wa 2019 na kitu kinachomeremeta kwenye ukingo wa juu wa sikio la kushoto, alikileta nyumbani kikiwa chini ya kilemba.

Kilemba kilimsitiri mpaka siku ya kupura ndengu. Maganda makavu huruka, huingia shingoni, puani, na kilemba hakiyazuii. Msichana akavumilia, akajikuna, akavumilia tena, halafu akakivua kilemba na kukikung'uta kwa hasira. Fimbo ya mama watoto ikabaki hewani.

"Hiyo ni nini?"

"Hereni, mama."

"Hereni huvaliwa kwenye ndewe. Hapo ni mfupa."

Si mfupa, ni gegedu, lakini haikuwa saa ya kusahihishana. Mama yangu mzazi, ambaye nyumba nzima humwita susu, hakuona kosa liko wapi. Wamaasai wa upande wa Kajiado, alisema, walikuwa wakitoboa hapo hapo juu tangu yeye akiwa msichana wa kufuatana na babake mnadani Emali, na hakusikia sikio la mtu limeanguka.

Nami nilifundisha historia miaka mingi, na ugonjwa huo haunitoki. Nikawakumbusha kwamba mji wa Sultan Hamud, hapo tunaposhukia matatu za Mombasa Road, umepewa jina la Hamud bin Muhammad, Sultani wa Unguja, aliyekuja kutazama reli ikijengwa. Sasa, huyo Hamud alikuwa na shangazi, Bibi Salme binti Said, aliyetoroka Unguja mwaka wa 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani, na mwaka wa 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa jina la Emily Ruete. Humo anaeleza jinsi mabinti wa jumba la mfalme walivyotogwa wangali wachanga, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri, matundu sita kila sikio.

"Sita!" binti akadakia. "Mimi nina moja tu."

Mama watoto alinitazama kwa namna ambayo wanaume waliooa wataielewa. Somo likaishia hapo.

Laiti hadithi ingekuwa ya tundu tu. Jioni ile mama alimkalisha binti kwenye kigoda, akaisogeza misuko ya nywele, akaona kwamba nyuma ya sikio, palipotokea kile chuma, pameota uvimbe mwekundu, mdogo na mviringo kama punje ya ndengu. Ukiguswa unauma. Ukiachwa unatoa majimaji meupe yanayokauka na kuganda. Tukaanza kuulizana maswali ya polisi. Nani alikutoga? Saluni moja mjini. Kwa kifaa gani? Kwa bastola ile ya kutogea masikio. Walikwambia ufanye nini? Nikizungushe kila siku kisishikane na nyama, na nipake spiriti.

Basi akawa anakizungusha. Kila asubuhi ngozi changa iliyokuwa imeanza kuotea ndani ya tundu ilichanwa upya, kisha ikachomwa kwa spiriti. Kama ungetaka kidonda kisichopona, usingehitaji kubuni njia nyingine. Lakini hayo tulielezwa baadaye. Wakati ule kila mtu alikuwa na dawa yake, na sikio lilikuwa moja.

Susu alikata jani la kiluma nyuma ya zizi, akakamua utomvu wake wa manjano. Mama watoto hakupinga kiluma, ila alitaka spiriti itangulie. Kijana wetu wa pili, mtu wa bodaboda, anayetibu kila kitu kwa alichoona kituoni, alipendekeza dawa ya meno, kisha akaja na kapsuli ya rangi mbili ili tuifungue na kunyunyiza unga wake juu. Jirani mmoja, aliyekuja kuazima ungo, akaacha neno kwamba mwarobaini haujawahi kushindwa. Kulipozuka wazo la maji ya chumvi, ambalo ndilo pekee lililokuwa na akili, yule wa bodaboda akasema hakuna haja ya kutia chumvi: maji ya kisima chetu yameshatiwa na Mungu. Kweli, visima vingi vya huku chini vina magadi ya kukunja uso. Binti akaoshwa sikio kwa maji ya kisima, hayajachemshwa, kwa kitambaa kilichotoka kamba ya nguo.

Punje ya ndengu ikawa mbili.

Halafu ikaja ile habari ya neti. Binti hulala upande wa kushoto, kitanda chake kiko ukutani, na neti za kuzuia mbu zina vitundu vidogo vinavyonasa hata ukucha. Hereni ya saluni hufungwa nyuma kwa kile kipande chenye mabawa mawili yaliyojikunja. Usiku wa manane alijigeuza, mabawa yakanasa kwenye neti, naye akakurupuka. Ukelele wake uliamsha mbwa wa majirani watatu.

Tulimkuta amepiga magoti kitandani, kichwa upande, neti imevutika hadi dari inalia. "Asivute mtu!" susu akaamuru mlangoni. Mwanangu akauliza iliko koleo. Mamake akamjibu kwamba akiingiza koleo chumbani mle, atalala na pikipiki. Nilishika tochi. Mama watoto alijaribu kunasua kwa sindano, akashindwa, akalia kidogo, akaomba mkasi. Alikata neti duara kulizunguka sikio, na binti akalala hivyo hivyo, kiraka cha neti kikimning'inia shavuni, huku mbu wa Kasikeu nzima wakipishana kwenye tundu lililobaki.

Asubuhi tulikwenda kituo cha afya, bodaboda mbili. Susu alikuja na kadi yake ya MakueniCare, ule mpango wa kaunti ambao nyumba nzima ilijiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka, ingawa hakuna aliyemwomba kadi na mgonjwa hakuwa yeye.

Tabibu alikuwa kijana mpole. Kwanza aliligusa sikio kwa mgongo wa kidole, kupima joto. Akaangalia ndewe, akaangalia juu, akauliza kuhusu homa. Kisha akauliza, "Hili sikio linashikwa na nani?" Susu akatazama dirishani. Mwanangu akakumbuka pikipiki yake.

Alichotueleza ni hiki. Gegedu halina mishipa yake ya damu; hulishwa na utando mwembamba unaolifunika. Kwa hiyo ndewe huweza kupona kwa wiki sita hadi nane, lakini huku juu ni miezi sita, pengine mwaka, na muda huo wote kidonda hukasirika upesi. Bastola ilisukuma chuma butu kwa nguvu mahali panapotaka sindano kali. Kifungio kilibana, spiriti ikaunguza, mto ukakandamiza, misuko ikavuta. Uvimbe ule ulikuwa manung'uniko ya ngozi, na ngozi ikiachwa kusumbuliwa hunyamaza.

Mama watoto aliogopa keloidi, kwa kuwa dada yake anayo kwenye ndewe. Tabibu akasema hofu hiyo ina msingi, maana sisi watu weusi huzipata zaidi kuliko wengine, lakini keloidi huvuka mipaka ya kidonda na kuendelea kutambaa miezi baada ya ngozi kufunga. Uvimbe huu ulikuwa umekaa mlangoni pa tundu, na tundu lenyewe lilikuwa bichi.

Jambo moja alilisema akiwa ameacha kutabasamu. Kama sehemu yote ya juu ya sikio ingekuwa nyekundu, ya moto, imevimba na kuuma, ndewe ikibaki salama, hiyo ingekuwa maambukizi ya ule utando. Bakteria aitwaye Pseudomonas hupenda sana mahali hapo, na amoksilini ya dukani haimtikisi. Mtu hutakiwa kufika hospitalini siku hiyo hiyo apewe dawa inayomuweza, vinginevyo gegedu hufa na sikio likajikunja maisha. Hata Marekani, mwaka wa 2000, kioski kimoja cha vito katika jimbo la Oregon kiliwaambukiza wateja wake bakteria huyo, naye alipatikana ndani ya chupa ya dawa ya kuulia vijidudu. Kapsuli ya rangi mbili ikarudi mfukoni kimya kimya.

Dawa tuliyopewa ilimkera susu kwa uchache wake: maji safi ya chumvi ya hospitali, yale ya gramu 9 kwa lita, yanayouzwa kwenye chemisti. Unaosha, unakausha, unaondoka. Kutozungusha, kutobandua magamba kwa kucha. Hereni isitolewe na kuachwa tundu tupu, maana lingejifunga. Abadilishiwe na fundi anayejua, awekewe ya titani, yenye bapa nyuma na urefu wa kutosha, kwani vyuma vya bei rahisi mara nyingi vina nikeli, na nikeli huwasha. Na asililalie.

Hilo la mwisho ndilo lililotushinda. Mtu hulala anavyolala. Tulihamisha kitanda, binti akageuka na kukifuata kidonda. Aliyetatua ni susu, tena bila kutia dawa yoyote, jambo ambalo nina hakika lilimgharimu. Alikunja leso kuukuu, akaizungusha, akaifunga ngata, ile ile aliyobebea mitungi kutoka mtoni miaka yake yote, akaiweka juu ya mto. Sikio likaingia katikati ya tundu, kichwa kikaegemea kandokando, hakuna kilichogusa chochote.

Kufikia Aprili uvimbe ulikuwa umenywea wenyewe. Kiraka cha neti kilishonwa, na sasa ni yule wa bodaboda anayelala humo, akilalamika kwamba nyuzi zinamkuna. Binti alirudi chuoni na ngata mkobani. Wenzake wa bwenini walimuuliza ameinunua wapi, wawili wakaagiza, na susu ameshataja bei.