Fisi Aliyetumwa

Ilemba, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, kwenye bonde linaloteremkia Ziwa Rukwa, Fisi alikamatwa alfajiri akiwa na damu mdomoni. Mwana wa Mama Mbuzi hakuonekana.

"Nilitumwa," akasema barazani, chini ya mwembe. "Mchawi alinipanda mgongoni. Miguu yangu, safari yake."

Wanyama wakaguna kwa huruma. Kanga akauliza: "Pale njia panda ulishika ipi?"

"Ya kushoto, kwa Mama Mbuzi. Ua wake umebomoka."

"Na ya kulia?"

"Kwa Ng'ombe. Kuna mbwa watatu."

"Anayeogopa mbwa ni mchawi, au ni wewe?"

Fisi hakuwa mwongo wa kawaida. Alikuwa amekwisha kuamini. Mwanafalsafa Mfaransa, Jean-Paul Sartre, aliandika mwaka 1943 jinsi mtu anavyoukimbia uhuru wake kwa kujifanya kitu kinachosukumwa tu. Lakini kitu hakihesabu mbwa. Fisi aliwahesabu gizani, akachagua.

Swali lile liliwachoma wengi. Nyani, mwizi wa mahindi, husema hutumwa na njaa. Nyati, mwenyekiti, aliwagawia ndugu zake majaruba ya mpunga, akasema ametumwa na desturi. Fisi akihukumiwa, nani atasalimika? Wakaamua: ametumwa. Basi mchawi atafutwe. Akapatikana upesi: Bibi Kobe, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Kanga akawakumbusha kwamba tangu mwaka 1928 ipo Sheria ya Uchawi inayokataza kumsingizia mtu uchawi. Wakamzomea.

Usiku wakatoka na vienge. Kila aliyeulizwa alijibu, "Nimetumwa na baraza." Na baraza zima lilikuwa njiani, hakuna aliyebaki nyuma wa kumtuma mwenzake.

Kwenye njia panda Punda akasimama. Maisha yake yote alibebeshwa mizigo ya watu, lakini usiku ule mgongo wake ulikuwa mtupu. Akakizamisha kienge chake topeni, akawatangulia mbio, akaziba mlango wa Bibi Kobe kwa kifua.

"Anayetaka kupita ataje jina lake, kisha aseme: nataka kumchoma bibi huyu. Asimtaje mwingine."

Nyani akataja jina, mengine yakamkwama. Mama Mbuzi akajaribu mara mbili, akalia, akarudi kwake. Hadi kunakucha waliosema yote walikuwa wawili, Nyati na Fisi, na Punda hawakumweza.