Jinsi ya Kuikosa Bahari Ukiwa Ufukweni

Mwenzangu, kuogelea si kazi. Kazi ni kutoka Mjini Unguja asubuhi na gari zima la watu, kuzunguka fukwe mbili za kusini, Paje na Mtende, kurudi magharibi nyote wakavu, na bado ukasifiwa kwamba safari ilifana. Huo ni ufundi, nami nakupa bure. Wenzako usiwaonyeshe kabla gari halijaondoka.

1. Panga siku kwa mshahara. Chagua Jumamosi ya kwanza pesa ikiwa mfukoni, na mwezi wa angani usiuinulie hata macho. Bahari ya huku hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndipo linapokuja bamvu: maji hujaa mno na kupwa mno, tofauti ikakaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayasogei sana. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anayajua haya bila kuuliza mtu: tarehe mosi na tarehe 15, bamvu. Kalenda hiyo igeuze.

2. Omba ushauri wa wiki iliyopita. Ukishindwa kabisa kujizuia, muulize rafiki aliyetangulia. Atakwambia kwa nia njema, "Fikeni saa tano, maji tele." Na ni kweli, aliyakuta tele. Lakini dakika 50 mara siku saba ni karibu saa sita, kwa hiyo wiki moja baadaye, saa ileile, maji yamepwa. Huhitaji mtu wa kukudanganya. Ukweli uliolala unatosha.

3. Asubuhi, Paje. Tuseme siku yenu imeangukia bamvu: upande huu wa kisiwa maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, yaani muda ambao kundi lililochelewa kuondoka linafika. Bahari itakuwa imerudi kule mwambani mawimbi yanakopasukia, na mbele yenu ni mchanga, madimbwi na mashua zimelala ubavu. Jihadhari na dereva tu. Huyo kazaliwa pwani na atajaribu kuharibu: "Dada yangu, leo bamvu hili, mngeanza Mtende kwanza." Mkatize kwa upole: "Kaka, ratiba imeshatumwa kwenye kundi." Hakuna dereva aliyewahi kuishinda ratiba iliyotumwa kwenye kundi.

4. Piga picha chini. Tafuta dimbwi linalofika kifundoni. Anayepigwa alale kifudifudi, ainue kichwa, atabasamu. Mpiga picha apige magoti na simu ikaribie kugusa maji. Dimbwi la hatua nne litaonekana Bahari ya Hindi nzima. Angalizo moja: asisimame mtu nyuma, maana magoti makavu yatatoa siri. Na yeboyebo ziacheni garini, hazipendezi kwenye picha. Wale wadudu wa miiba mirefu myeusi mawe yalipo watawafundisha kutembea kwa adabu.

5. Jifanye mtaalamu wa mwani. Msipokuwa na bahari, mtakuwa na mashamba. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wakulima ni wanawake. Siku hizo za bamvu mlizozifanya za starehe ndizo siku zao za kazi, kwa sababu maji yakipwa sana ndipo mashamba yanafikika. Mtamkuta mmoja ameinama, vigingi viwili ardhini, kamba imevutwa katikati, anafunga vichane vya mwani kimoja kimoja kwa kikamba chembamba, mikono haina hata muda wa kukutazama. Hapa hata mimi nina mpaka: kamba usiikanyage, na picha yake usiipige kabla hujamsalimu na kumwomba. Ukishajibiwa, geukia wenzako uwaeleze kilimo chote ulichokisoma kwenye aya hii. Mkulima atakusikia. Vumilia.

6. Chakula kiagizwe kwa kuchelewa. Pweza wa kukaanga kwa watu wote hao atachukua muda wake, na huo ndio muda maji yanaporudi. Mkimaliza kula saa tisa, Paje itakuwa imejaa na kumeta, watu wanaogelea. Msiguse. Paneni gari.

7. Alasiri, Mtende. Huu ndio ufundi wenyewe. Mtende, kusini kabisa, ni kijifuo kilichobanwa na majabali ya matumbawe ambayo mawimbi yameyala kwa chini hadi yakabaki yanauinamia mchanga. Maji yakipwa, hapana mfano wake: mchanga mweupe, kivuli cha jiwe, faragha. Lakini bamvu hujaa mnamo saa kumi, na saa hiyo mawimbi yanapiga jiwe lenyewe; mchanga ni wa kutafuta. Kwa hiyo Paje inayotaka maji mmeifikia hayapo, na Mtende inayotaka yasiwepo mmeifikia yapo. Mngegeuza tu mwanzo na mwisho kama alivyosema dereva, mngezipata zote mbili. Bakini juu, mtazame upeo wa macho, na mmoja aseme, "Hapa watu huja kutafakari." Asishuke mtu, ujinga wetu una kiasi.

8. Kendwa usiitaje. Atatokea msumbufu wa kuuliza kwa nini hamkwenda kaskazini, Kendwa au Nungwi, ambako maji yakipwa bado unaoga. Mwambie kule kumejaa watu. Hiyo ni sababu ya kiungwana, na haimlazimu mtu kukiri kwamba hakufikiria.

9. Jiandae kwa swali moja. Jamaa wa bara hawana shida, picha watazipenda kabla hawajaziangalia. Kazi ni kwa wenyeji. Bibi wa Makunduchi hatakuuliza hoteli wala pweza. Atakuuliza, "Mliyakuta maji?" Usibabaike. Sema, "Tuliyakuta, bibi." Hujaongopa: Paje mliyaona kwa mbali, Mtende yaliwafukuza. Kisha upesi, kabla hajauliza ilikuwa saa ngapi, muulize hali ya wajukuu.