Kapu la Ghorofa ya Tatu

Mtaani kwetu Hurumzi ukipiga chafya, majirani wanakuombea afya kwa dini tatu. UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, milango ya nakshi na kuta za mawe ya matumbawe zilisifiwa sana. Kapu la Ba halikutajwa na mtu, na mimi naliona hilo kuwa ni dhuluma.

Ba ni jirani yangu wa juu, Mhindu wa Kigujarati anayeikaribia themanini. Kazaliwa chumba kile kile anacholala mpaka leo, Sultani angali kitini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ndugu zake walitawanyika, wengine wakaishia Leicester. Yeye akabaki, na sasa magoti yake yamegombana na ngazi. Simlaumu, maana ngazi zetu kila kidato kina kimo chake. Basi Ba hashuki. Linashuka kapu la ukili, kwa kamba, na njia yake inapita mbele ya dirisha langu.

Asubuhi linashuka na noti kwa muuza mboga, linapanda na mchicha na bamia. Likisimama usawa wa dirisha langu, najua nina zawadi au nina kesi. Mimi ni Msukuma wa Mwanza, nimeletwa Unguja na kazi ya hesabu hotelini. Siku mama aliponitumia dagaa, kwa basi hadi Dar na kwa boti hadi Malindi, nikawakaanga jioni ile ile. Ba hali nyama, hali samaki, hali hata yai. Hakusema neno. Kapu lilishuka na pakiti ya udi, na kiberiti juu yake. Kiberiti nacho! Kana kwamba Wasukuma hatujui moto.

Simu yake pia husafiri kwa kapu. Ikimshinda, huishusha vile vile ilivyo, mjukuu wa Leicester akiwa bado hewani kwa video. Kijana wa watu anazungushwa: mbingu, ukuta, nguo za watu zilizoanikwa, punda wa mchanga, mbingu tena, halafu uso wangu na mswaki mdomoni. Siku hizi tunaamkiana bila kushangaa.

Mwezi wa Ramadhani anaingia Bi wa chini, Mngazija, anayetutumia sote futari: mbaazi za nazi, mkate wa kumimina, kaimati. Mchana, kwa kuwa kula hadharani ni utovu wa adabu, mimi hupanda kwa Ba kula dali na chapati mlango umefungwa. Bi wa chini analijua hilo fika. "Wanangu wa juu hawafungi," huwaambia wageni wake, "lakini adhana ya magharibi wanaiwahi kuliko imamu."

Taabu ni kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Ba hunishushia dhokla. Nitamrudishia nini mimi, ambaye kila sufuria yangu imeshaonja sangara? Nikakimbilia matunda. Msimu wa doriani ulipoingia nikaenda Darajani, nikachagua moja la heshima, miba yake mikali, nikaliweka kapuni juu ya sahani yake ya bati. "Vuta, Ba!"

Kamba ile ina historia. Disemba 2009 kisiwa kizima kilipokatikiwa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara, usirudi hadi Machi 2010, Ba anasema alivuta mishumaa, barafu na maji ya ndoo kwa kamba hiyo hiyo. Ilivumilia yote. Doriani ikakataa.

Chini, barazani, wazee walikuwa kwenye dhumna. Doriani lilitua katikati ya meza, kete zikaruka mpaka mtaroni. Hakuumia mtu, ila mzee mmoja aliyekuwa amebakiwa na kete moja tu ashinde. Mpinzani wake alisimama papo hapo: "Mchezo umefutwa! Amri imetoka juu!"

Ba akachungulia. "Limepasuka?"

"Limepasuka, Ba!"

"Basi msilimalize!"

Kesi ikasikilizwa barazani, kwa kahawa. Wengine walishika kwamba kilichoanguka barazani ni mali ya baraza. Wengine kwamba doriani si mvua. Ikaamuliwa nusu ipande kwa mwenyewe, kwa kamba ya jahazi iliyotolewa na mvuvi mmoja, nene kuliko kapu lenyewe. Nusu ya pili alipewa yule mzee, fidia ya ushindi wake. Akaibeba kwenye sahani ya bati, akaenda zake.

Kesho yake Ba akaniinamia dirishani: "Mwambie yule mzee sahani yangu iko kwake. Sina haraka."

Mzee wa watu alinisubiri mlangoni jioni, ameikumbatia sahani, uso umemsawajika. "Kijana, huyu bibi anakula nini?"

"Kila kitu, mzee," nikamwambia, "ila vile unavyovipenda wewe."